Orodha ya Kazi Inayokaa Ofisini: Kwa Viongozi wa AMCOS na SACCOS, Mbeya na Iringa

AMCOS ya kakao Kyela au SACCOS ya walimu Iringa huendeshwa na kazi ndogondogo zenye tarehe: mizani ikaguliwe kabla ya mnada, vitabu viwe tayari kwa wakaguzi wa COASCO, mkopo uliochelewa ufuatiliwe. Orodha ya kazi hizo ikiwekwa kwenye programu ya kampuni ya mbali, uhai wake uko mikononi mwa kampuni. Wunderlist ya Berlin ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2015, ikafungwa tarehe 6 Mei 2020. Watumiaji walipewa njia ya kuhamia kwingine, lakini uamuzi haukuwa wao. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na intaneti nchini ikayumba. Orodha iliyo kwenye kompyuta ya ofisi, inayosomwa kwa Wi-Fi ya ofisi, haiitegemei bahari.

Kwa orodha ya namna hiyo kuna Vikunja na Nextcloud, programu huria zisizodai ada ya leseni mkizisimika wenyewe. Wengi huvutiwa kwanza na uwezo wa kuzigeuza watakavyo. Sisi tunashauri muanze na mlango wa kutokea: ingizeni kazi kumi za majaribio, zitoeni kama faili, kisha lifungueni faili hilo kwenye kompyuta nyingine. Likigoma, acheni programu hiyo hata ikiwa nzuri kiasi gani. Kugeuza kunakofaa ni kuzipa safu majina yenu, kama “Inasubiri saini”, na kuweka lebo za vijiji. Msiruhusu fundi achokonoe msimbo wenyewe: toleo jipya, lenye marekebisho ya usalama, laweza kuifuta kazi yake yote.

Mtasema umeme hukatika. Kweli, ila Vikunja hutosha kwenye Raspberry Pi, kompyuta ya ukubwa wa kiganja ambayo kwa kazi hii kwa kawaida haifikishi wati 10, na betri ndogo huibeba kwa saa kadhaa. Hoja nzito zaidi ni ya mtunzaji. Vijana wa kompyuta wanasomeshwa hapahapa, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) kikiwemo, lakini kijana huhama. Kwa hiyo wafundishwe watu wawili, nywila ikae kwenye bahasha ndani ya kasha la fedha, na nakala rudufu itolewe kila wiki na kuhifadhiwa jengo jingine. Majina ya wadaiwa yaliyomo kwenye orodha yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayotumika tangu tarehe 1 Mei 2023, na chama kinawajibika kwayo popote yanapohifadhiwa. Asipopatikana wa kutoa nakala hiyo ya kila wiki, endeleeni na daftari.