Mtihani wa GMAT: Mwenye mtaji mdogo apime nini kabla ya kulipa ada

KIJANA mwenye shahada ya kwanza anayesimamia duka la familia katika mojawapo ya barabara za namba za Ngamiani, mjini Tanga, hukabiliwa na maswali mawili anapofikiria kusomea shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, yaani MBA. La kwanza ni chuo gani. La pili, ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wamekwisha kuchelewa, ni mtihani gani wa kuingilia na utakula kiasi gani cha mtaji.

Jibu la swali la pili hutegemea la kwanza. Vyuo vya hapa nchini vinavyotoa kozi hiyo, kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mzumbe na Chuo Kikuu Huria, kwa kawaida humchuja mwombaji kwa matokeo ya shahada yake ya kwanza, si kwa mtihani wa kimataifa. Ni vyuo vya nje, hasa vingi vya Marekani na Ulaya, ambavyo hutaka alama za GMAT au za mwenzake, GRE. Mwombaji wa Mzumbe akilipia GMAT amenunua mzigo usio na mnunuzi. Ada ya mtihani huo huzidi dola 200 za Marekani, fedha ambazo kwa mwenye duka ni magunia kadhaa ya mchele yaliyotoka rafu bila kuuzwa.

Mtihani wenyewe si wa jana. Vyuo tisa vya biashara vya Marekani vilikubaliana juu yake mwaka 1953 ili kupata mizani moja ya kuwapimia waombaji. Mwaka 1997 uliacha karatasi ukaingia kwenye kompyuta, na kompyuta hiyo humpa mtahiniwa swali gumu zaidi akipatia na jepesi zaidi akikosea. Toleo linalotumika sasa lilianza Novemba 2023. Insha na jiometri zimeondolewa, na muda umekuwa saa 2 na dakika 15. Kuna sehemu tatu za dakika 45 kila moja: hesabu yenye maswali 21, ufahamu na hoja yenye maswali 23, na uchambuzi wa takwimu wenye maswali 20. Alama ni kati ya 205 na 805. Hakuna kufaulu wala kufeli. Kila chuo huamua kinachokitosha.

Kikokotoo huruhusiwa katika sehemu ya takwimu tu. Sehemu ya hesabu hufanywa kwa kichwa na kwa mkono, kwa wastani wa dakika mbili na kidogo kwa kila swali. Hapo mtu aliyekulia kaunta, akizoea kurudisha chenji huku wateja wanne wanapiga kelele, huenda akamzidi mwenzake aliyekulia maktaba.

Mitego hata hivyo ipo, nayo ni ileile ya sokoni. Kilo ya mchele iliyokuwa shilingi 2,000 ikapanda kwa asilimia 25, kisha ikashuka kwa asilimia 25, haikurudi ilikotoka. Ilipanda hadi 2,500, ikashuka hadi 1,875. Mwenye duka anayedhani amerudi palepale anapoteza shilingi 125 kwa kila kilo, na mtahiniwa anayedhani hivyo anapoteza alama.

Aina ya swali inayostahili kusomwa hata na asiyekusudia kufanya mtihani ni ile ya utoshelevu wa taarifa. Mtahiniwa haombwi jibu. Hupewa swali na taarifa mbili, kisha huulizwa kama taarifa hizo zinatosha kulijibu: ya kwanza peke yake, ya pili peke yake, yoyote kati ya hizo, zote kwa pamoja, au hata zote mbili hazitoshi.

Tuchukue hati fungani ya kijani ya Mamlaka ya Maji Tanga, iliyouzwa mwaka 2024 kwa thamani ya shilingi bilioni 53.12 na muda wa miaka 10. Swali: mwekezaji atapata riba kiasi gani kwa kila miezi sita? Taarifa ya kwanza: amewekeza shilingi milioni 5. Taarifa ya pili: riba ni asilimia 13.5 kwa mwaka, hulipwa mara mbili kwa mwaka kwa viwango sawa. Kila moja peke yake haitoshi, lakini kwa pamoja zinatosha. Riba ya mwaka ni 675,000, na nusu yake ni shilingi 337,500 kabla ya makato yoyote.

Sasa tuchukue machungwa ya Muheza. Swali: je, mchuuzi alipata faida? Taarifa ya kwanza: alinunua machungwa 20,000 kwa shilingi 100 kila moja, akalipa shilingi 600,000 za lori hadi Dar es Salaam, na hakuwa na gharama nyingine. Taarifa ya pili: kila chungwa aliloliuza, aliliuza kwa shilingi 150.

Wengi hukimbilia kusema zote kwa pamoja zinatosha. Mtaji ni 2,600,000, mauzo ni 3,000,000, faida ni 400,000. Hesabu ni sahihi na jibu ni kosa. Taarifa ya pili haikusema aliuza mangapi. Ili asipate hasara anahitaji kuuza machungwa 17,334. Yakioza 2,666 ana faida ya shilingi 100 tu, isiyotosha hata chai. Likioza moja zaidi, ameingia kwenye hasara. Kwa hiyo hata zote mbili hazitoshi.

Dalali anayemshawishi mtu kuweka fedha katika mzigo wa namna hii hutaja bei ya kununulia na bei ya kuuzia. Cha kuoza hakitaji. Ndiyo maana swali hili huwaangusha hata wenye digrii nzuri: hawashindwi kuzidisha, bali hujaza wenyewe pengo lililoachwa wazi.

Sehemu ya ufahamu hufanywa kwa Kiingereza, na mwenye kusoma magazeti ya biashara ya lugha hiyo kila siku kwa miezi kadhaa atapata zaidi kuliko anayekariri misamiati wiki mbili za mwisho. Mtihani waweza kufanyiwa nyumbani kwa kompyuta yenye intaneti ya uhakika, au kituoni, jambo ambalo kwa mkazi wa Tanga ni nauli na malazi juu ya ada. Umeme ukikatika nyumbani katikati ya mtihani, tatizo ni la mtahiniwa.

Asiyeridhika na alama zake husubiri siku 16 kabla ya kurudia, na kwa miezi 12 haruhusiwi kuzidisha mara tano. Kila mara hulipa ada upya. Alama hudumu miaka mitano, hivyo anayesubiri mkopo au mavuno ya mwakani anaweza kufanya mtihani mapema na kuomba chuo fedha zikipatikana.