Macho Yapimwe Mapema: Kijitabu kwa Wakazi wa Arua na Koboko

Serikali ya Uganda ilifuta malipo katika vituo na hospitali zake Machi 2001. Tangu hapo, anayekwenda kupimwa macho kwenye kitengo cha kawaida cha serikali hatakiwi kulipa chochote ili amwone mhudumu. Haki hiyo ni ya Mlugbara wa Vurra, Mkakwa wa Koboko na Mnubi wa mjini, na ni ya mkimbizi wa Lobule au Rhino Camp vilevile. Hata hivyo, wako wazee wanaokaa gizani miaka na miaka kwa kudhani upimaji ni wa wenye pesa, au kwamba kutoona ni sehemu ya uzee. Tumewaandikia wao, pamoja na watoto na wajukuu wanaowashika mkono kila waendapo. Mara nyingi mjukuu huyo anapaswa kuwa darasani saa hiyo.

Nani analipa nini

Walugbara na Wakakwa wametajwa katika Jedwali la Tatu la Katiba ya 1995 miongoni mwa jamii asilia zilizokuwamo Uganda kufikia tarehe 1 Februari 1926. Kule Kanada, serikali ina mpango maalumu unaowalipia watu wa baadhi ya jamii za asili upimaji wa macho. Uganda haina mfuko wa namna hiyo kwa jamii zilizotajwa katika Katiba, na bima ya afya ya taifa bado hatuna: Bunge lilipitisha muswada wake mwaka 2021, lakini haukutiwa saini ukawa sheria. Kinachokulinda ni ile huduma ya bure, na mipaka yake ni lazima uijue kabla hujapanda gari.

Kumwona mhudumu ni bure. Miwani kwa kawaida utainunua mwenyewe. Dawa ikiwa imeisha stoo, utaandikiwa ukanunue duka la dawa. Hospitali kubwa huwa na upande wa kulipia, kwa hiyo ukifika uliza wazi: "Hapa ni upande wa bure?" Hospitali za dini kama Kuluva, karibu na Arua, si za serikali na zina ada zake, uliza bei kwanza. Mtu akikudai pesa kwenye kitengo cha bure, omba risiti. Asipoitoa, nenda kwa mkuu wa kituo, au umwambie mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Hakuna aibu katika kuuliza.

Gharama inayowashinda wengi zaidi ni ya njia. Kutoka Koboko mpaka Arua ni zaidi ya kilomita 50. Barabara ni ya lami, lakini nauli ya mzee na ya msindikizaji wake, pamoja na chakula cha siku nzima, si kitu kidogo kwa familia inayoishi kwa jembe. Kwa hiyo usianze na Arua. Anza na VHT, yaani mhudumu wa afya wa kijijini kwako, kisha kituo cha afya kilicho karibu. Uliza siku ambayo mhudumu wa macho yupo, ndipo utoke nyumbani. Ikibidi upelekwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Arua, ondoka na barua ya rufaa mkononi, pamoja na daftari lako la matibabu, lile daftari la kawaida la shule, hata kama limechakaa. Maandishi ya mwaka jana humsaidia sana daktari.

Siku ya kupimwa

Watu wengi huogopa kwa kuwa hawajui kusoma. Haihitajiki. Utasimamishwa mita sita kutoka kwenye ubao wenye alama kama herufi E, zikielekea juu, chini, kulia na kushoto. Utafunika jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza, kisha utaonyesha kwa vidole miguu ya alama inaelekea wapi. Baadaye jicho la pili. Waombe wakueleze kwa Kilugbara, Kikakwa, Kinubi au Kiswahili, lugha yoyote unayoielewa vizuri.

Huenda ukatiwa matone ya kupanua mboni ili daktari aone nyuma ya jicho. Kwa saa kadhaa utaona ukungu na mwanga utakuumiza. Usiendeshe boda-boda wala baiskeli siku hiyo.

Kinachoweza kuonekana

Mtoto wa jicho ndiye mwizi mkubwa wa macho ya wazee. Hakuna matone wala majani yanayomwondoa. Dawa yake ni upasuaji: lenzi iliyochafuka hutolewa na ya bandia huwekwa mahali pake. Jicho hutiwa ganzi, na kazi yenyewe mara nyingi haifiki nusu saa. Wengine huambiwa wangoje mpaka "aive". Usingoje. Ukishindwa kufanya kazi zako, muda umefika.

Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, hutuhangaisha zaidi kwa sababu haiumi. Hula uoni kutoka pembeni kwenda katikati, na kilichopotea hakirudi; dawa huzuia tu kilichobaki kisipotee. Watu weusi tumo katika hatari kubwa zaidi, hasa baada ya miaka 40. Kama baba, mama au ndugu yako anayo, nenda upimwe hata kama unaona vizuri leo. Mwenye kisukari naye apimwe kila mwaka.

Usubi, upofu unaoenezwa na vijinzi weusi wa mito yenye maji ya kasi, umepungua sana Uganda kwa sababu watu walimeza aivamektini kila ilipogawiwa. Wengi wenu mnakumbuka kijiti cha kupimia urefu: kirefu vidonge vingi, kifupi vichache. Pale ambapo ugawaji unaendelea, meza. Wajawazito na watoto wadogo hurukwa. Dawa hiyo hairudishi macho yaliyokwisha kufa.

Kwa watoto, matone ya vitamini A hutolewa kila baada ya miezi sita, kuanzia mwezi wa sita hadi kabla ya kutimiza miaka mitano; Aprili na Oktoba ndiyo miezi ya kampeni. Chanjo ya surua nayo huokoa macho. Lakini mama, ukiona weupe ndani ya mboni ya mtoto, au mng'ao kama wa jicho la paka, usingoje kampeni. Huenda ni mtoto wa jicho, huenda ni saratani. Mpeleke hospitali juma hilohilo, hata ikibidi apewe rufaa mpaka kituo cha macho cha Ruharo, Mbarara, upande wa pili wa nchi. Saratani hiyo ikiwahiwa hutibika.

Jicho likiingiwa na utomvu, makapi ya mtama au sabuni, lioshe kwa maji mengi safi kwa robo saa, kisha uende kituoni. Usitie maziwa ya mama, mkojo wala maji ya majani. Kidonda kidogo kwenye kioo cha mbele cha jicho huweza kupona vizuri. Kikitiwa vitu hivyo huweza kuoza, na jicho likapotea kwa siku chache tu.