Irabu mbili na kiambishi kimoja: kusikiliza lafudhi ya mwimbaji

Mwaka jana, katika kazi ya somo la isimujamii, niliandika kwamba kijana wa Lubumbashi anayeimba "bamama" badala ya "akina mama" anaimba lugha ya nyumbani kwake. Nilipewa alama nzuri. Hoja ile ilikuwa na tundu, na nililiona kwa msaada wa wimbo wa Waingereza.

Wimbo wenyewe ni "I Bet You Look Good on the Dancefloor" wa Arctic Monkeys, vijana wanne wa Sheffield, kaskazini mwa Uingereza. Ulitoka Oktoba 2005 kwa lebo ndogo inayojitegemea, Domino, ukashika nafasi ya kwanza nchini mwao. Ulikuwa single yao ya kwanza kwa lebo hiyo. Kabla ya hapo waligawa nyimbo zao bure kwenye matamasha, na mashabiki wakazisambaza kwa intaneti. Magitaa yanakimbia, kwa sikio lililozoea sebene yana haraka isiyo na sababu. Kilichonikamata ni matamshi ya mwimbaji, Alex Turner.

Mwaka 1983 Peter Trudgill alionyesha kwamba waimbaji wa Uingereza, The Beatles wakiwemo, waliiga matamshi ya Kimarekani kwa kuwa waliona muziki ule ni mali ya Wamarekani. Alama mojawapo ilikuwa irabu ya neno dance. Mtu wa London huitamka kwa a ndefu ya nyuma ya kinywa. Mmarekani huitamka mbele.

Turner naye anaitamka mbele. Je, anaiga Marekani? Hapana, kwa sababu Sheffield nayo husema hivyo hivyo, kwa a fupi ya mbele. Neno lililo katika jina la wimbo linamtenga na London tu. Kuhusu Marekani halitwambii kitu. Inabidi tusubiri neno love. London na Marekani hulitamka kwa irabu iliyo karibu na a yetu. Turner analitamka kwa irabu iliyo karibu na u, kama jirani zake. Hapo ndipo swali linapojibiwa.

Sasa rudi kwenye "bamama" yangu. Kinshasa wanasema nini kwa Kilingala? Bamama! Mwimbaji wetu anaweza kuwa amelitoa neno hilo jikoni kwa mama yake, au katika rumba aliyoisikia tangu utotoni, ambayo kwa wengi wetu ndiyo muziki wenyewe, kama Marekani kwa vijana wa Trudgill. Ba- inamtenga na Dar es Salaam. Haimtengi na Kinshasa.

Kwa hiyo natafuta "love" yetu. Pendekezo langu ni ka- na wingi wake tu-: katoto, tutoto. Kilingala hakina kiambishi hicho cha udogo. Husema mwana moke. Kiswahili sanifu husema kitoto, ingawa ka- husikika mitaani Nairobi pia, kwa hiyo nayo peke yake haitoshi. Nataka ba- na ka- katika kinywa kimoja, ndani ya wimbo mmoja.

Joan Beal, aliyeandika juu ya bendi hii mwaka 2009, anaongeza jambo linalonisumbua: lafudhi ya Sheffield katika muziki huu ni beji pia, ya kusema "hatukutengenezwa na kampuni kubwa". Basi hata irabu ya love inaweza kuwa imechaguliwa, na nilikosea mara ya pili niliposema "lugha ya nyumbani" kana kwamba humtoka mtu bila yeye kutaka.

Nimeanza kupitia upya kadi za kazi ile. Zenye ba- tupu naziweka pembeni. Zinazobaki ni chache mno kwa kazi niliyoipa kichwa kirefu vile, na alama sina namna ya kuirudisha.