Jina la Kale la Binti

Somo la kujifunza pamoja: Warumi 16:1–23, 1 Mambo ya Nyakati 4:9–10.

Ndugu wapenzi, nanyi walimu mnaofundisha watoto wetu, mwezi huu twataka kujifunza neno lililo dogo machoni pa wakubwa, lakini ni zito moyoni mwa mtoto. Neno lenyewe ni jina.

Katika mafundisho ya Kipaimara hapa Chang'ombe alikuwako binti wa miaka 14, jina lake Tabu. Siku moja wenzake walipokwisha kutoka, alibaki nyuma, akatuomba tuandike jina jingine katika cheti chake cha Kipaimara. Tulipomwuliza sababu, alisema ya kuwa shuleni humcheka kila yanapoitwa majina. Akiingia darasani husema, "Tabu imefika." Tena wamemwambia kwamba jina hilo ni la vikongwe, wala si jina la Kikristo.

Basi hapa pana mashitaka mawili: la kwanza, jina ni la kizamani; la pili, jina si la Kikristo. Na tuyapime yote mawili.

1. Jina la kizamani

Wazee wetu wa pwani hawakutoa majina ovyo. Aliyezaliwa usiku aliitwa Chausiku. Aliyezaliwa Ijumaa, Mwajuma. Aliyezaliwa siku ya Idi, Mwanaidi. Mtoto wa pili aliitwa Pili, na wa tatu Tatu. Aliyekuja bila kutazamiwa aliitwa Sikudhani, naye aliyezaliwa katika mashaka aliitwa Shida au Tabu. Nyumba nyingi hazikuwa na daftari wala cheti. Jina lenyewe ndilo lililoshika habari ya kuzaliwa kwa mtoto.

Wala msidhani kwamba majina ya Biblia yameokoka na kicheko hicho. Loisi, Eunike, Damari na Dorkasi yalipendwa na bibi zetu, na leo mabinti wengi huyaona ya kizee. Kadhalika majina yaliyoungwa na neno Eli, yaani Mungu kwa Kiebrania, kama Eliamani na Elifuraha, ambayo Walutheri wa kaskazini waliwapa watoto wao kwa imani. Basi uzee si kosa la jina. Hata jina jipya la leo litakuwa la kale, mwenye nalo akijaliwa kuishi miaka mingi.

2. Je, jina hili ni la Kikristo?

Wamisioni wa Berlin walifika Dar es Salaam mwaka 1887, na wale wa Leipzig walianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893. Katika makanisa mengi ya nchi yetu ilikuwako desturi ya kumpa mtu jina jipya siku ya ubatizo. Desturi hiyo iliwafurahisha wengi, wala hatuidharau. Lakini desturi si amri ya Bwana.

Fungueni Warumi 16. Fibi, mtumishi wa kanisa la Kenkrea, alikuwa na jina ambalo Wayunani walilitumia kwa mmoja wa miungu yao ya kike. Apolo, mhubiri hodari tumsomaye katika Matendo 18:24, jina lake latokana na mungu wao wa kiume. Hatusomi popote kwamba Mtume aliwaamuru watupe majina hayo.

Tazameni tena mstari wa 22. Mtu aliyeandika waraka huu kwa mkono wake, Paulo akinena, ni Tertio. Na maana ya jina hilo kwa Kilatini ni "wa tatu". Katika mstari wa 23 yuko Kwarto, maana yake "wa nne". Basi mwandishi wa waraka ule uliomfungua macho Luther alikuwa na jina lenye maana ile ile ya mabinti zetu waitwao Tatu! Nani kati yetu atamcheka?

Luther mwenyewe alizaliwa Eisleben tarehe 10 Novemba 1483, akabatizwa siku ya pili yake, iliyokuwa sikukuu ya Mtakatifu Martino. Kwa hiyo aliitwa Martin. Alipewa jina kwa ajili ya siku, kama Mwajuma alivyopewa. Tena jina hilo la Martin asili yake ni Mars, mungu wa vita wa Warumi wa kale.

Kwa hiyo shikeni neno hili: jina la mtoto halimfanyi kuwa Mkristo. Bwana alituamuru kubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu (Mathayo 28:19). Jina hilo ndilo liokoalo. Katekisimo Ndogo yatufundisha kwamba ubatizo ni maji pamoja na Neno la Mungu. Haisemi kwamba lazima mtu aache jina aliloitwa na mama yake.

3. Kosa letu wenyewe

Katika jambo hili sisi wenyewe tulikosa, na twaungama ili walimu wajihadhari. Miaka ya kwanza ya utumishi wetu alikuja mama mzee kutaka ubatizo, jina lake Sikudhani. Tulimwambia achague jina la Kikristo. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Chagueni ninyi." Tukamwandika Elisabeti. Yeye hakushindana nasi, lakini nyumbani, kisimani na sokoni aliendelea kuitwa Sikudhani.

Alipofariki, tulisimama kaburini tukasoma habari za Elisabeti. Watu walitazamana. Jirani yake mmoja aliyekuwa amemwuguza akauliza kwa sauti, "Huyo ni nani? Sisi tumekuja kumzika Sikudhani." Tuliona haya sana. Bwana alikuwa amemwita Sikudhani naye akaitika. Sisi tukamzika kama mgeni.

4. Je, jina lisibadilishwe kamwe?

Hatusemi hivyo. Mungu mwenyewe alimgeuza Sarai kuwa Sara (Mwanzo 17:15). Raheli alipokuwa akifa alimwita mwanawe Benoni, mwana wa huzuni, lakini baba yake akamwita Benyamini (Mwanzo 35:18). Yako majina yaliyotolewa kwa chuki au matusi, na mtoto asilazimishwe kuyabeba. Wala tusimhukumu mtu mzima aliyefikiri, akashauriana na watu wake, akabadili.

Lakini yuko na Yabesi. Mama yake alimwita hivyo kwa sababu alimzaa kwa uchungu. Kwa Kiswahili angaliweza kuitwa Tabu. Yeye hakuomba jina jingine. Alimwomba Mungu ambariki na kumlinda, asipatwe na huzuni. Naye Mungu akamjalia hayo aliyoomba. Jina lilibaki, na baraka ikaja juu yake.

5. Habari za Tabu

Yule binti tulimwambia, "Kwanza kamwulize bibi yako, aliyekuachia jina." Juma lililofuata walikuja pamoja. Bibi akasema, "Mama yangu alizika watoto watatu mbele yangu. Mimi nikaishi. Tabu yake iliishia kwangu, ndiyo maana ya jina." Mjukuu wake alikuwa hajaambiwa neno hilo hata siku moja. Siku ya Kipaimara tuliita, "Tabu," naye akaja akapiga magoti. Hatusemi kwamba kicheko kimekoma shuleni, hakijakoma. Lakini sasa anayo maneno ya kujibu.

Basi, wazazi, mkimpa mtoto jina, mpeni na habari yake. Walimu, mkiita majina, msiache watoto wacheke. Na anayeomba ubatizo asinyang'anywe jina lake. Mwulizeni kwanza maana yake. Nanyi mabinti mlio na majina ya bibi zenu, Mchungaji Mwema huwaita kondoo wake kila mmoja kwa jina lake (Yohana 10:3), naye hakosei.

Maswali ya kujifunza

1. Jina lako lina maana gani, na ni nani aliyekupa?
2. Kuna tofauti gani kati ya jina la mtoto na Jina tunalobatizwa kwalo?
3. Katika mtaa wako, ni nani achekwaye kwa ajili ya jina lake? Utamsaidiaje?

Bwana aliyeyaandika majina yetu mbinguni atulinde sote. Amin.