Somo la Afya: Nywele Zinapoziba Utumbo



Mzazi wa Makanya akimwona binti yake anatafuna nywele, huenda akacheka tu. Lakini tumbo haliwezi kusaga nywele. Zikimezwa kwa miezi au miaka, husokotana na chakula na kuwa bonge. Mkia wa bonge ukishuka, utumbo huziba.

Dalili zake ni mabaka ya upara, kukonda, kushiba upesi, kutapika na uvimbe mgumu juu ya kitovu.

Nywele zikikutwa tumboni, tusitafute mchawi. Wengi wanaopatwa ni wasichana, na mara nyingi wana huzuni au hofu wasiyoisema.

Mpelekeni mapema Hospitali ya Wilaya Same. Ikibidi, KCMC Moshi. Tumbo likijaa, anatapika na hapati choo, msingoje kesho: utumbo unaweza kutoboka. Nauli ya leo ni nafuu kuliko upasuaji wa dharura.

Baada ya upasuaji, asiposaidiwa kuacha, bonge hurudi. Viboko havisaidii, ushauri nasaha husaidia.

Swali la kujadili: Katika parokia yetu, mtoto mwenye huzuni humwendea nani?