Kifafa si Laana, wala Hakiambukizi



Mama mmoja alimleta wodini binti yake wa miaka 11. Mkono wa kulia ulikuwa umeungua hadi kwenye kiwiko. Binti alikuwa akisonga ugali alipoanguka kifafa, na mkono ukabaki mafigani. Jikoni walikuwamo watu wanne, wakubwa na watoto. Hakuna aliyemgusa, maana waliogopa mate yake. Aliyemvuta ni mama yake, aliporudi kutoka kuteka maji.

Kwa ajili ya binti huyo, mwezi huu tujifunze kuhusu mishipa ya fahamu na ugonjwa wa kifafa.

Mwili unavyopashana habari

Mungu ametupa ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya fahamu. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa karibu kilo moja na robo hadi kilo moja na nusu, nao umekingwa na fuvu la kichwa. Uti wa mgongo unashuka ndani ya mifupa ya mgongo. Kutoka hapo mishipa ya fahamu inatawanyika hadi kwenye ncha za vidole. Mingine hupeleka habari kwenye ubongo: hiki ni cha moto, hapa panauma. Mingine hurudisha amri: inua mguu, shika jembe.

Habari hizo husafiri kwa umeme mdogo sana, na kutoka seli moja hadi nyingine hupitishwa kwa kemikali. Ukigusa sufuria ya moto, mkono huruka kabla hujasikia maumivu, kwa sababu uti wa mgongo umekwisha kutoa amri bila kungoja ubongo. Jambo lingine la ajabu: upande wa kushoto wa ubongo huongoza upande wa kulia wa mwili. Ndiyo maana mtu aliyepata kiharusi upande mmoja wa ubongo hupooza upande wa pili wa mwili.

Yako magonjwa mengi ya mishipa ya fahamu. Ukoma huua mishipa ya mikono na miguu, mtu akaungua bila kusikia. Pepopunda hukaza misuli. Kichaa cha mbwa huharibu ubongo, na dalili zake zikianza ni nadra sana mtu kupona. Basi ukiumwa na mbwa, osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji mengi, kisha uende kuchanjwa bila kuchelewa.

Kifafa ni nini?

Fikirini kwaya ya parokia. Kila sauti huingia kwa zamu yake, na wimbo unaeleweka. Sasa waimbaji wote wakipiga kelele kwa pamoja bila kumwangalia mwalimu, wimbo umeharibika. Ndivyo ilivyo katika kifafa: seli nyingi za ubongo hutoa umeme kwa wakati mmoja. Mtu huanguka, hukakamaa, hutikisika, hutoa povu, pengine hujikojolea. Wengine hawaanguki, hukodoa macho tu kwa muda mfupi bila kuitika.

Tusichanganye na degedege ya mtoto mwenye homa kali. Kifafa hurudia hata bila homa. Lakini mtoto yeyote mwenye degedege apelekwe haraka hospitali, kwani inaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo.

Kinatoka wapi?

Sababu ni nyingi: mtoto kuchelewa kulia wakati wa kuzaliwa, kuumia kichwa, kwa mfano katika ajali za pikipiki, malaria kali, homa ya uti wa mgongo na kiharusi. Wengine wana asili yake katika ukoo. Kwa wengine sababu haionekani.

Ipo sababu moja inayotuhusu sisi tunaofuga nguruwe: minyoo ya tegu. Mtu akila nyama ya nguruwe yenye malengelenge meupe, isiyoiva vizuri, hupata tegu tumboni. Akijisaidia vichakani, nguruwe anayezurura hula kinyesi chenye mayai, naye anaambukizwa. Mayai hayohayo yakiingia kinywani mwa mtu kwa mikono michafu, maji au mboga, watoto wa tegu husafiri hadi kwenye ubongo na kujenga vifuko humo. Kwa hiyo hata asiyekula nguruwe kamwe aweza kuugua. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika nchi zenye tatizo hili, takriban asilimia 30 ya wagonjwa wa kifafa wamekipata kwa njia hiyo.

Basi tuchimbe vyoo na kuvitumia, tufungie nguruwe bandani, tunawe mikono kwa sabuni, na nyama ikaguliwe na kupikwa mpaka iive ndani. Usinunue dawa ya tegu dukani bila kupimwa. Mwenye vifuko kichwani aweza kuzidiwa.

Hofu iliyowaunguza wengi

Hofu hii haipo Ufipa peke yake. Karibu na mwaka 1960, daktari kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, mkoani Morogoro. Aliwakuta wagonjwa waliotengwa, wengi wakiwa na makovu ya moto, maana watu waliogopa kuwagusa. Aliwapa vidonge vya fenobabitali, dawa ya bei nafuu, na wengi walipata nafuu kubwa.

Hata katika Injili, baba mmoja alimwambia Bwana wetu kwamba mwanawe huanguka mara motoni, mara majini. Yesu alimshika mtoto mkono, akamwinua. Hakuogopa povu. Mate ya mgonjwa hayaambukizi kifafa, wala pumzi yake, wala sahani yake.

Mtu akianguka, fanya hivi

1. Mwondoe penye moto, maji au barabara. Weka kitu laini chini ya kichwa.
2. Legeza nguo shingoni. Usimkandamize.
3. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Usimpe maji wala dawa mpaka azinduke.
4. Mtikisiko ukipungua, mlaze kiubavu ili mate yatoke.
5. Kaa naye mpaka apate fahamu.
6. Ikipita dakika 5, au akianguka tena kabla ya kuzinduka, au ni mjamzito, au ni mara yake ya kwanza, mpelekeni hospitali upesi.

Dawa ni za kila siku

Wagonjwa hadi 7 kati ya 10 waweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa inayowafaa. Lakini wengi wetu tukipata nafuu tunaacha, hasa msimu wa shamba unapotupeleka mbali na nyumbani. Kuacha ghafla ni hatari. Hata anayeombewa aendelee kumeza. Sala na dawa havigombani. Kwa kawaida daktari hufikiria kupunguza dawa baada ya miaka 2 au zaidi bila kuanguka. Mwanamke anayetarajia kuzaa amwambie daktari mapema, maana dawa nyingine, kama valproeti, zaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mgonjwa aepuke pombe, ikiwamo kimpumu, asikeshe, asiogelee wala kuvua peke yake, na jiko lizungushiwe kizuizi.

Binti yule alipoteza vidole viwili. Anameza vidonge vyake, na amerudi shuleni. Anaandika kwa mkono wa kushoto. Vidole vile vingepona kama mmoja tu kati ya wale wanne angemvuta.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Katika Jumuiya yetu, nani anafichwa nyumbani kwa sababu ya kifafa?
2. Nani atamsindikiza kuchukua dawa?
3. Ni kaya ngapi hazina choo, na ni nguruwe wangapi wanaozurura?