Mgongo Ukikugomea Njiani Menengai

Agosti 10, 2024, Eliud Kipchoge aliacha marathoni ya Olimpiki mjini Paris baada ya kilomita 30 hivi, mgongo ukimuuma. Hakukimbia marathoni nyingine hadi Aprili 2025 huko London, akamaliza wa sita kwa saa 2:05:25. Miezi minane na ushei. Hapa Nakuru nakutana na watu ambao kiuno kimewashika Jumatatu, na Jumamosi wanataka kupanda mlima wa Menengai.

Wengi hawahitaji miezi minane. Msuli uliovutika kwa kawaida hutulia ndani ya wiki chache, aghalabu kabla ya sita. Ila uhakikishe kwanza kuwa ni msuli. Ganzi sehemu unazokalia, mkojo kugoma au kutoka wenyewe, miguu kulegea: hayo ni ya kukimbizwa hospitali leo hii, ile ya rufaa ya kaunti ambayo wengi bado tunaiita PGH. Homa, jasho la usiku na kukonda navyo vikupeleke kwa daktari, maana kifua kikuu huweza kuingia uti wa mgongo hata bila kikohozi. Kijana wa shule anayeumia akijipinda nyuma, au msichana mkimbiaji ambaye hedhi imekatika, achunguzwe kama mfupa umepata ufa.

Kama si hayo, usilale wiki nzima. Siku moja mbili zatosha, kisha tembea hadi dukani na kurudi. Sindano ya diklofenaki ikikupa nguvu ya kukimbia kilomita 15, haijakuponya. Imeyanyamazisha maumivu tu. Tena dawa za jamii hiyo huchubua tumbo, na mwili ulioishiwa maji kwa jasho huzifanya ziielemee figo.

Saa kumi na moja alfajiri, saa wanayoipenda wakimbiaji wetu, ndiyo mbaya zaidi kwa mgongo mbovu. Usiku zile diski laini kati ya pingili hufyonza maji na kujaa, hivyo ukiinama mara tu utokapo kitandani hubanwa kupita kiasi. Mtazame mtu akifunga kamba za viatu: miguu imenyooka, kiuno kimejikunja kama ndoana, na hapo ndipo yowe hutoka. Weka mguu juu ya kigoda, ulete goti kwako. Mazoezi yasogeze hadi jioni kwa wiki kadhaa.

Watu hulaumu viatu. Mimi huulizia shamba kwanza. Sheria inataka gunia la viazi lisizidi kilo 50, na hizo bado ni nyingi kwa mgongo unaougua. Mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20 za kuvuta upande mmoja. Beba miwili ya lita kumi, mkono huu na huu.

Ukiweza kutembea haraka nusu saa bila maumivu, kimbia dakika moja, tembea mbili, mara nane, kisha kesho pumzika. Kipimo chako ni asubuhi inayofuata: ukiamka mgongo umekaza kuliko jana, punguza. Siku ya mapumziko piga magoti, viganja chini, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, mgongo uwe tambarare hata kikombe cha chai kingekaa juu yake (kiwe kitupu). Hesabu kumi, badilisha.

Mlima uje mwisho. Ukingo wa Menengai uko mita 2,278, zaidi ya mita 400 juu ya mji, na kila mtu huogopa kuupanda. Mgongo wenyewe huogopa kushuka: mwili huegemea nyuma, kiuno hupinda, kila hatua ni pigo. Kwa hiyo mara za kwanza panda ukikimbia, shuka ukitembea. Na boda ya kurudi mjini isikushawishi; ikirukia shimo moja tu, unaanza kuhesabu wiki upya.